Mbegu Iko

Huko Rwambuzi, mtaa wa Bunia, mwanamke akishazaa, jina lake linakunjwa na kuwekwa chini ya sanduku kama kitenge cha harusi. Linatolewa tena siku ya mazishi, padri anapolisoma kwenye karatasi, na watu wa nyuma wanaulizana kwa kunong'ona ni nani huyo tunayemzika. Kwa hiyo Kahindo alikuwa Mama Élisée kwa miaka ishirini na mitatu, wala hakuona ubaya. Ukiita Mama Élisée pale karibu na mashine ya kusaga, ataitika. Ukiita Kahindo, hata mbwa hatageuza shingo.

Jina hilo alipewa kwao Lubero, kwa sababu alizaliwa nyuma ya wavulana watatu. Kwa Wanande, msichana anayekuja baada ya wavulana huitwa Kahindo, yule aliyegeuza mambo. Mwenyewe alipenda kusema kwamba tangu siku ile hajageuza kitu kingine zaidi ya udongo.

Udongo wenyewe haukuwa wake. Ulikuwa wa Muzee Isidore, mzee mrefu, mkavu, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwa kali. Alimpa Kahindo kipande cha mteremko nyuma ya mtaa mwaka ule alipofika Bunia akiwa mjane, na watoto wawili na mafurushi matatu. Kila mavuno Kahindo alimpelekea mzee mfuko mmoja wa maharagi, na mambo yakaisha hapo. Karatasi hakuna, shahidi hakuna. Kulikuwa na sharti moja tu, nalo halikusemwa hata siku moja: shamba lisilale.

Sharti hilo lilikuwa na maana yake. Chini ya mteremko walikuwa wameingia watu wa matofali. Watu hao hawalimi, wanachimba. Wanakata ardhi vipande vipande, wanaianika juani, wanaichoma, na inapanda mjini kuwa ukuta wa mtu mwingine. Nyuma yao wanaacha shimo lenye maji ya kahawia na vyura. Kila asubuhi Kahindo aliposhika jembe alikuwa akiona moshi wa tanuru zao, nao ulizidi kupanda mteremko, polepole, kama mgeni anayesogeza kiti chake karibu na chungu.

Kisha ukaja mwaka wa Corona. Ugonjwa wenyewe haukuwatisha sana watu wa Bunia. Walikuwa wametoka kwenye Ebola jana tu, walijua kunawa mikono kuliko waganga, na ndoo zenye robine za kufungulia maji zilikuwa bado zimesimama milangoni. Kilichowaumiza ni barabara. Kabichi za Kahindo zilizoea kupanda moto, pikipiki za abiria, na kwenda kuuzwa Iga Barrière, sokoni, kwa watu wanaopita. Soko likafungwa, wapitaji wakakatazwa kupita, na kabichi zikabaki shambani zikapasuka kwa unene, kisha zikanuka. Nyumbani walikula kabichi mpaka binti yake Arielle akasema akikatwa atatoka majani. Baada ya kabichi walikula maharagi ya kula. Na baada ya maharagi ya kula, ilibaki bidoni, lile dumu la njano, chini ya kitanda.

Ndani ya bidoni ile kulikuwa na mbegu. Maharagi mekundu yenye michirizi myeupe, yaliyochanganywa na majivu ili wadudu wasiyaguse. Uzao wa maharagi aliyoyatoa Lubero ndani ya pindo la kitenge. Mlimaji ana ruhusa ya mambo mengi njaa ikimkuta. Anaweza kuchinja kuku anayetaga. Anaweza kuuza jembe la pili. Anaweza hata kuomba. Mbegu hailiwi. Aliyekula mbegu, watu hawamsemi kwa sauti; wanamsema kwa macho, na hakuna anayempa shamba, maana amekula kesho yake na akiachwa atakula na ya wengine.

Kahindo aliipika. Alifunga mlango, akachoma majani ya mkaratusi uani ili harufu ipotee, akaosha majivu mara tatu, akapika kidogo kidogo kwa wiki tano. Watoto walikula bila kuuliza. Yeye alitafuna polepole, na aliona kila punje inamtazama.

Msimu huo shamba likalala. Muzee Isidore alivumilia, kwa sababu mashamba mengi yalilala mwaka ule. Lakini mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, mawingu yalipoanza kukusanyika upande wa msitu, alipita nyumbani, akasimama mlangoni bila kukaa.

"Mama Élisée," alisema, "batu ya matofali banakuya kwangu kila siku. Miye nabaambia kuko mwenye shamba. Mbegu iko?"

"Iko, muzee," akajibu Kahindo.

Mzee alitikisa kichwa kukubali, akasema mwezi wa tatu ukiisha kabla maharagi hayajaingia udongoni, hatakuwa na neno tena la kuwaambia wale watu. Akaenda zake. Kahindo alibaki ameshika fremu ya mlango, na lile neno *iko* lilikuwa bado kinywani mwake kama punje isiyoiva.

Basi ndipo habari ya msaada ilipokuwa habari. Serikali, ilisemekana, itawapa walimaji walioumizwa na Corona kitu cha kuanzia tena. Watu walikuwa wamesahau. Miezi mingi nyuma kijana mmoja anayeitwa Fiacre alikuwa amepita nyumba kwa nyumba na kibao chake cha kioo, akiandika walimaji. Siku hiyo Kahindo alikuwa ameshuka mtoni kufua. Aliyemjibu Fiacre alikuwa jirani yake Godelive, mwanamke mnene mwenye moyo mzuri na mdomo usio na mlango. Hapa ni kwa nani? Kwa Mama Élisée. Analima nini? Maharagi na kabichi. Fiacre akaandika. Godelive akaongeza neno moja lingine, la huruma tupu, ambalo baadaye hakumsimulia jirani yake. Fiacre akaliandika pia, na akaendelea na nyumba ya pili.

Orodha ilibandikwa kwenye ukuta wa sale, ukumbi wa parokia, Jumatatu ya wiki ya mwisho ya mwezi wa tatu. Malipo yatakuwa siku tatu tu, kisha watu wa mradi wanaondoka. Kahindo alisoma kwa kidole kutoka juu mpaka chini. Aliwakuta akina Kahindo wanne, na hakuna aliyekuwa yeye. Alirudia. Godelive, aliyekuwa anasoma pembeni yake, ghafla aliegemea ukuta akaanza kucheka mpaka machozi.

"Mama Élisée, banakugeuza mwanaume."

Palikuwa pameandikwa wazi, kwa herufi nzuri za mashine. Jina la ukoo: MAMA. Jina la ubatizo: Élisée. Jinsia: mwanaume. Mtaa: Rwambuzi. Kazi: mlimaji. Kibao cha Fiacre hakikujua desturi za watu; kilipewa maneno mawili kikaona jina na jina, kikamzaa bwana mmoja Élisée Mama, mtu ambaye hajawahi kuota jino duniani, na kikampa msaada wake.

Kwenye meza ndani ya sale alikaa Mireille wa mradi, mwanamke wa Kisangani, mwenye miwani na barakoa iliyopigwa pasi. Hakuwa mkali, alikuwa mtu ambaye ameahidiwa matatizo kama kuna karatasi isiyofanana na karatasi. Alichukua kadi ya uchaguzi ya Kahindo, akaiangalia, akaangalia orodha, akamwangalia mwenyewe.

"Mama, hapa ninaona mwanaume."

"Na miye ninaona kosa," akasema Kahindo.

Mireille alicheka kidogo nyuma ya barakoa, lakini kadi aliirudisha. Jina la orodha na jina la kadi ni lazima yakutane. Yasipokutana, pesa inarudi ilikotoka.

Jioni Kahindo alimpigia simu Élisée mwenyewe, mwanawe wa kwanza, ambaye alikuwa Niania akiuza chaja na redio kwa wachimba dhahabu. Kijana alisikiliza hadithi yote, mtandao ukikatika na kurudi, kisha akauliza kama marehemu baba alimwachia ndugu asiyemjua, maana kadi yake yeye imeandikwa Katsuva Élisée, na huyo Élisée Mama ni mtu mwingine kabisa. Na hata angetaka kuja kujaribu, kutoka Niania ni siku mbili, kama mvua ina huruma, na mvua ilikuwa imeshaanza. Wote wawili walicheka. Simu ilipokatika Kahindo aliona kwamba hakuna alichocheka. Kwenye bati mvua ilikuwa inaanguka nene, ile mvua ya kwanza inayofungua udongo kama mlango, na yeye hakuwa na cha kuingiza.

Jumanne alipeleka ushahidi wa chifu wa mtaa. Ulisema mwenye barua hii ni Mama Élisée na anajulikana sana. Haukusema ni Kahindo, kwa sababu chifu naye hakujua kama ni Kahindo. Mireille alisema barua imeongeza shida, maana sasa mwanaume yule ana chifu.

Jumatano, siku ya mwisho, alikwenda na Godelive. Foleni ilikuwa ndefu kuzunguka sale, kila mtu amenawa kwenye ndoo, kila mtu amepimwa joto kwenye paji la uso kwa ile bastola ndogo nyeupe. Miongoni mwa waliosimama alikuwa Muzee Isidore na kofia yake ya sufu. Naye alikuwa mlimaji, na naye alikuwa kwenye orodha. Alimsalimia Kahindo, akaangalia mbingu, akasema mvua ni nzuri. Kahindo akasema ni nzuri, muzee.

Mezani, Godelive alieleza kwa kirefu kwamba kosa ni lake na ni la kijana wa kibao. Mireille alimwita Fiacre, aliyekuwa anapanga watu mlangoni. Fiacre alikuna kichwa. Alipita nyumba mia nne, alisema, na kila nyumba ilikuwa na mama. Sura ya huyu haikumbuki. Kuhusu jirani, Mireille alisema kwa upole, yeye ndiye aliyetoa jina lisilo jina. Hawezi kuwa shahidi wa kosa lake.

Halafu yule mwanamke wa Kisangani alifanya jambo ambalo halikuandikwa kwenye kanuni yoyote. Alivua miwani, akasimama, akaenda mpaka mlangoni. Kama mtaa mzima unamwita hivyo, alisema, tusikie mtaa. Na akaita kwa sauti kubwa kuelekea uani: "Mama Élisée!"

Wanawake watatu wakaitika.

Wa kwanza alikuwa Kahindo, nyuma yake pale pale. Wa pili alikuwa msichana mwenye mtoto mgongoni, aliyekuwa anapita tu kwenda dispansari. Alipoelezwa alisema Élisée wake ana miezi minne na hajaanza kulima, akaenda. Wa tatu alikuwa Mama Élisée wa mikate, aliyekuwa amekuja kuuzia watu wa foleni, na beseni lake kichwani. Huyu alisikiliza habari vizuri. Alitua beseni chini, akapangusa mikono.

"Miye njo Mama Élisée," alisema. "Tangu zamani. Nalima pia."

"Weye unalima mikate," mtu mmoja akasema kwenye foleni, na watu wakacheka. Lakini mama wa mikate hakuondoka, na kusema kweli alikuwa na haki ya jina sawa na mwenzake. Naye ni wa Rwambuzi. Naye ana njaa nyumbani. Mireille aliwaangalia wote wawili, akarudi mezani, akafungua kibao cha Fiacre, akasogeza kidole.

"Kuna neno moja hapa," alisema. "Mwandikishaji aliliandika chini kabisa, pale pa maelezo mengine. Mwenye nyumba hii atalijua. Nitauliza swali moja tu." Akamgeukia mama wa mikate kwanza. "Mbegu yako ya maharagi iko wapi?"

"Iko nyumbani," akajibu haraka. "Mingi. Natunza muzuri sana. Miye siko mutu wa kuchezea mbegu."

Watu walitikisa vichwa kukubali. Lilikuwa jibu la mlimaji wa kweli. Mireille hakuonyesha kitu usoni. Akamgeukia Kahindo.

"Na wewe, mama?"

Kahindo hakujua kilichoandikwa. Alichojua ni kwamba mlango wa sale ulikuwa wazi, kwamba foleni yote imesogea kusikiliza, na kwamba mtu wa tatu kwenye foleni hiyo, amevua kofia ili apimwe joto, ni mwenye shamba. Jibu zuri lilikuwa limeshatolewa. Angeweza kulirudia. Angekuwa mlimaji mwenye mbegu mbele ya mzee, na huenda pesa zingepotea, lakini uso ungebaki; au huenda pesa zingepatikana, na uso ungebaki pia. Aliiona bidoni ya njano, tupu, na majivu kwenye ukingo wake. Aliwaza kwamba kwa miezi hii yote amekuwa akiishi na jina ambalo si lake na mbegu ambayo haipo, na kwamba uongo mmoja unatosha kwa mtu mmoja.

"Nilikula," akasema.

Hata bastola ya joto ilisimama hewani. Godelive alitazama miguu yake.

Muzee Isidore ndiye aliyesema, polepole, bila hasira, kama mtu anayehesabu hatua. "Mama Élisée. Mwezi jana nilikuuliza. Ulisema mbegu iko."

Kahindo akageuka. Mdomo, Mungu anajua ulikotoa nguvu, ulikuwa mdomo wake wa kila siku.

"Sikukudanganya, muzee. Iko. Iko mu tumbo ya batoto."

Kicheko kilianza nyuma kabisa, kwa mwanamke mmoja asiyeonekana, kikaja mbele kama upepo kwenye mtama. Walicheka kwa kelele, walicheka kwa aibu, wakiziba vinywa kwa barakoa zilizokuwa tayari zimeziba. Kisha kicheko kilipungua na chini yake kukasikika kitu kingine. Mwanaume mmoja alisema hata ya kwake iko kule kule. Mwanamke mwingine akauliza kama Kahindo aliipika na munyu, maana kwao hata chumvi haikuwako. Mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya chini, foleni ile ya walimaji iliungama, na ikaonekana kwamba katika mteremko mzima wa Rwambuzi, mwaka ule, kila mtu alikuwa amechoma majani ya mkaratusi uani mwake ili jirani asinuse.

Muzee Isidore alirudisha kofia kichwani, akaivuta mpaka kwenye masikio.

"Yangu ilikuwa mahindi," alisema. "Ilikuwa tamu. Njo aibu yenyewe."

Mireille aligeuza kibao ili Kahindo aone. Pale pa maelezo mengine Fiacre alikuwa ameandika maneno matatu: *amekula mbegu yake*. Kahindo alisoma, akamtazama Godelive, ambaye alikuwa anatafuta dirisha la kutokea. Harufu haifungiwi mlango, Godelive alisema kwa unyonge. Na alilisema kwa kijana kwa huruma tu, ili waandike kwamba kweli hapa kuna shida. Mama wa mikate alibeba beseni lake. Alipopita alimwambia Kahindo kwamba yeye naye ni Mama Élisée, na kama siku moja italetwa pesa ya mikate, asije akaitika. Akamwachia mkate mmoja bila kuomba kitu.

Mireille alichukua karatasi safi. Aliandika kwamba Élisée Mama, mwanaume, na mwenye kadi hii, mwanamke, ni mtu mmoja, na kwamba walimaji wa Rwambuzi wanashuhudia. Alipofika mahali pa jina aliinua kalamu.

"Jina lako la kweli?"

"Kahindo."

Godelive aligeuka. Miaka kumi walikuwa wameazimana chumvi, moto na watoto. "Kumbe iko Kahindo," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeingia chumba ambacho hakujua kimo ndani ya nyumba yake. Watu waliokuwa karibu walilijaribu jina mdomoni, polepole, kisha wakasonga mbele, maana foleni ilikuwa ndefu na siku ilikuwa ya mwisho.

Alhamisi Kahindo alinunua mbegu sokoni. Nyekundu yenye michirizi hakuipata; alipata ya njano, ndogo, ambayo muuzaji aliapa kwamba inapenda udongo wa Bunia. Alinunua na jembe, la pili. Ijumaa, ikiwa imebaki siku moja mwezi uishe, alipanda mteremko kabla jua halijakaza. Mvua ya usiku ilikuwa imelainisha kila kitu. Alikata mstari wa kwanza, akatia punje, akafunika kwa mguu, punje, mguu, punje, mguu, bila kuziangalia sana, kwa sababu hata hizi zilikuwa na macho.

Muzee Isidore alikuja akasimama ukingoni. Hakuuliza kitu. Chini kwenye tanuru mtu mmoja wa matofali alikuwa amesimama na kamba ya kupimia mkononi, akitazama juu. Mzee alimpungia mkono mara moja, ule mkono wa kufukuza kuku, na mtu yule akakunja kamba.

Baadaye Godelive alikuja na chakula, akaita kutoka njiani. "Kahindo."

Kahindo aliendelea kupanda.

"Kahindo. We Kahindo."

Aliinuka, akaangalia nyuma yake kuona ni nani anayeitwa, na hakumwona mtu. Mteremko tu, mweusi, umegeuzwa. Ilimchukua muda kidogo. Kisha akapangusa udongo kwenye viganja, akaitika.